Makopo matatu na vidonge visivyo na jina

Mwalimu, shikamoo.

Nina miaka 23, urefu wangu ni mita 1.78 na uzito kilo 54. Tangu utotoni naitwa kimbaumbau, na hadi leo navaa mashati mawili, moja juu ya jingine, ili nionekane nimejaza. Mwaka huu nikasema liwalo na liwe, nikaingia jimu. Huu ni mwezi wa tano. Naenda siku sita kwa wiki, kifua na mikono, sikosi. Uzito wa vyuma ninaonyanyua ni ule ule niliozoea tangu mwezi wa kwanza. Na mizani nayo, kwa miezi hiyo yote, haikusogea, ila wiki hizi mbili za mwisho.

Wenzangu wanasema kosa langu ni kutotumia unga wa protini. Nikaenda dukani, muuzaji akanipangia makopo matatu. La kwanza ni geina, unga wa kuongeza uzito, kopo kubwa kama ndoo, lenye kilo 2.7. Limeandikwa kalori 1,250 na protini gramu 50 kwa kila kipimo cha gramu 330. La pili ni wei isoleti, unga wa protini ya maziwa, kopo dogo la gramu 900 ambalo bei yake ilinishtua. Kijiko chake ni gramu 30, na ndani yake protini gramu 25. La tatu ndilo rahisi kuliko yote, na ubavuni limeandikwa kwa herufi kubwa: protini gramu 30 kwa kijiko cha gramu 40. Kwa hesabu yangu hilo ndilo lenye faida, ila nyuma lina orodha ndefu ya viambato: mchanganyiko maalumu wa protini, glisini, taurini, kreatini na vingine nisivyovijua. Fedha niliyo nayo inatosha kopo moja tu.

Kuhusu chakula, asubuhi nakunywa chai kavu na vipande viwili vya mkate. Mchana wali na maharage. Usiku wali au viazi na mboga, siku nyingine yai, siku nyingine kinyama kidogo. Nikinywa maziwa glasi nzima tumbo linaunguruma na kujaa gesi. Mama naye anasema unga huo utaniharibu figo, hataki kuliona kopo ndani ya nyumba.

La mwisho: kuna mkufunzi pale jimu alinipa vidonge vya kufungua hamu ya kula, vimefungwa kwenye kikaratasi, havina jina. Nimevitumia siku kumi na mbili. Hamu imekuja kweli na nimepanda kilo mbili, ila nasinzia hadi kazini. Niendelee navyo pamoja na unga?

Nichagulie kopo, Mwalimu.

Kimbaumbau

*

Marahaba, mwanangu.

Umeandika mengi kuhusu makopo, na vidonge ukavitaja mwishoni. Mimi naanza na vidonge, kwa sababu katika barua yako yote hicho ndicho kitu pekee kilichonitia hofu.

Dawa zinazogawiwa hivyo, bila pakiti wala jina, kwa watu wanaotaka kunenepa, mara nyingi huwa ni moja kati ya mbili, au zote mbili kwa pamoja. Moja ni siproheptadini, dawa ya zamani ya mzio. Inaongeza njaa, na inaleta usingizi mzito kama huo unaokufuata kazini. Ya pili ni deksamethasoni, dawa kali ya jamii ya kotikosteroidi. Daktari huitumia kuokoa maisha, kwa kipimo na kwa muda anaoujua yeye. Mtu mzima wa afya akiimeza kiholela, mwili unashika maji, uso unavimba ukawa mviringo, sukari na shinikizo la damu vinapanda, mifupa inadhoofika. Na misuli, hiyo unayoitafuta, inaliwa. Ndiyo, deksamethasoni inavunja misuli. Ubaya mwingine ni kwamba mwili ukishaizoea unaacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo, kwa hiyo mtu aliyeitumia kwa wiki kadhaa akiikata ghafla anaweza kuzirai, hata kufa.

Kidonge kisicho na jina hakitambuliki kwa kukitazama. Kwa hiyo leo hii chukua vilivyobaki pamoja na kile kikaratasi, umpelekee daktari. Mwambie umemeza vingapi kwa siku na kwa siku ngapi, naye atakuelekeza namna ya kuviacha. Usipokee vingine kutoka kwa mkufunzi huyo, na kama kazi yako ni ya kuendesha gari au mashine, usiiguse ukiwa na usingizi huo. Zile kilo mbili zisikufurahishe. Siku kumi na mbili hazijengi kilo mbili za misuli kwa mtu yeyote. Sehemu kubwa ya hizo ni maji, na chakula kilichomo tumboni. Hesabu zangu zote hapa chini natumia kilo 54.

Sasa twende kwenye mizani. Kabla ya vidonge, kwa miezi yote hiyo haikusogea, na hiyo ni habari yenye faida. Maana yake chakula unachokula kinalingana sawasawa na nguvu unazotumia. Huhitaji programu ya simu wala fomula ya kukokotoa kalori zako, mizani imeshakukokotolea. Ukiongeza kalori 400 hadi 500 juu ya unachokula sasa, kila siku bila kuruka, uzito utapanda. Usipoongeza hautapanda, hata ukinywa unga wa bei gani. Unga wa protini ni chakula kilichokaushwa, basi. Kijiko cha ile isoleti kina kalori kama 110, pungufu ya vipande viwili vya mkate.

Protini nayo ina kiwango chake. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 49 zenye washiriki 1,863 waliokuwa wakifanya mazoezi ya kunyanyua uzito. Ulionyesha kuwa kuongeza protini kunasaidia misuli kukua, lakini faida hiyo inafika kikomo kwenye wastani wa gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwako wewe ni gramu 86. Nimeupitia mlo wako: mkate gramu kama 6, wali na maharage gramu 20 hivi, usiku 15 au 20 ikiwa kuna yai au nyama. Unacheza kwenye 45. Pengo lako ni gramu 40 hivi, na pengo hilo ndilo unaloliendea dukani.

Kabla hujafika huko, chukua mililita 300 za maziwa, ndizi moja mbivu, gramu 40 za shayiri iliyopondwa na vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga. Saga pamoja. Glasi hiyo ina kalori kama 620 na protini gramu 23 hivi. Ni protini ya karibu kijiko kizima cha isoleti, na kalori zako za ziada zote zimo. Ongeza mayai mawili asubuhi, gramu 12, kisha mchana uzidishe maharage upunguze wali kidogo. Umekwisha kuikaribia ile 86 bila kufungua kopo lolote. Na usinywe glasi hiyo kabla ya mlo ikakuharibia njaa. Inywe katikati ya asubuhi au kabla ya kulala. Watu wembamba wengi wanashiba upesi, na kwao kinywaji ni rahisi kuliko sahani ya pili.

Najua maziwa yanakusumbua. Hauko peke yako, takriban thuluthi mbili ya watu wazima duniani hawamudu kuyeyusha vizuri laktosi, ile sukari ya maziwa. Tumia mtindi badala yake, kwani bakteria wake wamekwishakula sehemu ya sukari hiyo, au maziwa ya soya. Usiiogope soya kwa yale maneno kwamba inapunguza uanaume. Tafiti zilizofanywa kwa wanaume hazikuona homoni ya testosteroni ikishuka.

Ndiyo sasa nifike kwenye makopo yako.

Geina liache. Gramu 330 kwa kipimo, na protini ni 50 tu. Kati ya gramu 280 zilizobaki, mia mbili na hamsini hivi kwa kawaida ni maltodekstrini, wanga uliosagwa laini ambao mwilini unageuka sukari haraka sana. Gawanya kilo 2.7 kwa gramu 330 uone: kopo kama ndoo linaisha kwa siku nane. Wewe mwenyewe umesema fedha inatosha kopo moja. Siku ya tisa utakula nini? Glasi mbili za mchanganyiko niliokupa zinakaribiana na kipimo kimoja cha geina kwa kalori na kwa protini, na ndani yake kuna nyuzi na mafuta mazuri ambayo kopo lile halina.

Kopo la tatu ndilo ninalotaka tukae nalo, kwa sababu linawadanganya watu wenye akili, wale wanaopiga hesabu kama wewe. Gramu 30 katika 40, kwa bei ndogo, nani asingeshawishika? Lakini jiulize namba ile imepatikanaje. Njia iliyozoeleka ya kupima protini kwenye chakula ilibuniwa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl, mkemia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Njia hiyo haipimi protini yenyewe. Inapima nitrojeni, halafu nitrojeni hiyo inazidishwa mara 6.25 kupata makisio ya protini. Kwa nafaka au maziwa safi makisio yanafaa. Lakini kitu chochote chenye nitrojeni kikitiwa ndani, kipimo kinakihesabu kuwa ni protini. Mwaka 2008 nchini China waliokuwa wakiongeza maji kwenye maziwa walitia melamini, kemikali inayotengenezea plastiki, ili kipimo kionyeshe protini ya kutosha. Watoto wachanga sita walifariki, na karibu 300,000 waliugua.

Kwenye unga wa jimu hawatii melamini. Wanatia glisini na taurini, ambazo ni rahisi kuliko wei na hazina sumu kwa kiasi hicho. Nitrojeni zinayo, namba kwenye lebo inapanda. Misuli ndiyo inayodhulumiwa. Ili ijengeke inahitaji asidi amino muhimu (vijenzi vya protini) zote kwa pamoja, hasa lusini, na katika wei lusini ni kama sehemu moja ya kumi ya protini yote. Glisini peke yake haijengi msuli. Ukiona glisini, taurini au kreatini zimetajwa miongoni mwa viambato vya unga unaojiita wa protini, halafu yale maneno "mchanganyiko maalumu" yanayoficha kiasi cha kila kimoja, lirudishe kopo rafuni. Kreatini si mbaya, tuelewane. Gramu 3 hadi 5 kwa siku ni kirutubisho kilichochunguzwa sana na kinachoongeza nguvu kweli. Lakini inunuliwe peke yake, ikijulikana ni gramu ngapi, isije ikakaa pale kuziba nafasi ya protini.

Linabaki la pili. Ukinilazimisha nichague kati ya hayo matatu, ni hilo. Wei ni ile protini inayobaki kwenye maji maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini, na isoleti ni wei iliyochujwa hadi karibu laktosi yote imetoka, ndiyo maana bei inapaa. Ila muulize muuzaji kama ana wei ya kawaida, konsentreti. Ina protini kiasi cha asilimia 80, bei yake huwa nafuu, na laktosi kwenye kijiko kimoja ni gramu moja au mbili hivi wakati glasi ya maziwa ina gramu 12. Watu wengi wanaosumbuliwa na glasi nzima hawasikii chochote kwa kiasi hicho kidogo. Tafuta pakiti ndogo kabisa ujaribu tumbo lako kwanza. Likikataa, kuna unga wa njegere uliochanganywa na wa mchele, ambao kila mmoja unajaza upungufu wa mwenzake. Huo chagua usio na kakao, kwa kuwa unga wa mimea na wa ladha ya chokoleti ndio unaoelekea kubeba zaidi metali zenye sumu, risasi na kadimiamu, kutoka udongoni.

Ukilinganisha bei usitazame ukubwa wa kopo. Chukua idadi ya vijiko, zidisha kwa gramu za protini kwa kijiko, kisha gawanya bei kwa jibu hilo. Kopo lako dogo ni vijiko 30 mara gramu 25, sawa na gramu 750 za protini. Geina ni vipimo 8 mara 50, gramu 400. Ndoo ina protini ndogo kuliko kopo!

Tafuta pia nembo ya NSF Certified for Sport au Informed Sport. Hao ni wapimaji wa nje wanaochunguza kama ndani kumetiwa kitu kisichoandikwa, nawe unaweza kuhakiki jina la bidhaa kwenye tovuti zao, maana nembo nayo huchapwa na wajanja. Nasisitiza hili kwa sababu mwaka 2000 na 2001, katika uchunguzi uliofadhiliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, virutubisho 634 kutoka nchi 13 vilipimwa, na 94 kati yake vilikutwa na homoni ambazo lebo haikuzitaja.

Kuhusu mama yako, usimbishie. Ameuliza swali la maana. Kwa mtu mwenye figo nzima, protini ya kiwango hiki cha gramu 86 haijaonekana kumdhuru. Kwa mwenye ugonjwa wa figo ni tofauti kabisa, huyo hupunguziwa protini na daktari, na wengi wenye ugonjwa huo hawajijui. Siku utakayopeleka vidonge, omba upimwe kreatinini ya damu, taka inayotolewa na figo, na protini kwenye mkojo. Kumbuka tu kwamba kreatini ya unga ikitumika inaweza kupandisha kidogo kipimo cha kreatinini bila figo kuumia, kwa hiyo pima kabla hujaigusa. Kisha mpelekee mama karatasi ya majibu aisome mwenyewe. Na kwa kuwa kwa urefu wako uzito wa afya unaanzia kilo 59 hivi, mwombe daktari atazame pia sukari na homoni za tezi ya shingo. Ukiwa na kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, au ulishawahi kupungua bila sababu, mwambie bila kuficha, upimwe na kifua kikuu.

Halafu vyuma vyako, mwanangu. Kifua na mikono siku sita, uzito ule ule kwa miezi mitano! Hapa ndipo nilipoweka kalamu chini kidogo. Mwili haujengi msuli mpya kwa kazi ambayo tayari unaiweza, na misuli mikubwa kuliko yote uliyo nayo, ya mapaja, makalio na mgongo, hujaigusa. Nenda siku tatu. Kila siku uchuchumae na chuma mabegani, unyanyue chuma kutoka sakafuni au ukivute kuelekea tumboni, na usukume, ukiwa umelala au umesimama. Seti tatu, marudio 6 hadi 12, ukiacha nguvu ya marudio mawili hivi akiba. Ukifikisha 12 kwa seti zote, ongeza kilo mbili unusu, anza tena chini. Andika kwenye daftari. Siku nne zilizobaki kula, na lala saa saba au nane. Wala usikimbilie kunywa unga ndani ya nusu saa baada ya mazoezi. Uchambuzi wa mwaka 2013 ulikuta kwamba jumla ya protini ya siku ikilinganishwa, saa ya kuinywa haina uzito.

Kwa hiyo fedha yako iweke. Kwa wiki nne tumia glasi, mayai na daftari. Jipime mara mbili kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, baada ya kwenda haja. Hizo kilo mbili za vidonge zikishuka usiogope, anzia hapo zilipokomea. Ukipanda robo kilo hadi nusu kilo kwa wiki, endelea hivyo hivyo. Usipopanda, ongeza glasi nyingine nusu. Na kama kazi au ratiba inakunyima muda wa kusaga na kupika, hapo nenda kanunue lile kopo dogo, kijiko kimoja kwa siku, na hutakuwa umekosea.

Niandikie baada ya wiki hizo nne ukiwa na uzito wako na kilo unazochuchumaa nazo. Ila alichosema daktari kuhusu vidonge niandikie kesho.